Je, Mazoea ni Deni?

Ahadi ni deni. Hilo tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaliandikia na insha. Lakini jambo ambalo hakuna aliyeliahidi, limetendeka tu siku baada ya siku kwa miaka minane, nalo ni deni? Swali hili sikulitoa kitabuni. Lilinijia nikiwa nimeshika rula na kalamu ya risasi, nachora jedwali la zamu.

Nafanya kazi katika duka la dawa hapa Tanga mjini. Mwaka jana nilipewa jukumu la kupanga zamu, cheo kisicho na nyongeza ya mshahara, wenye kuvijua vyeo hivyo watanielewa. Tuko sita. Mmoja wetu ni mama wa watoto wawili, na tangu nilipoajiriwa namkuta anafanya nusu siku. Anaingia saa mbili asubuhi. Ikifika saa saba mchana anatundika koti jeupe nyuma ya mlango, anakwenda kumchukua mtoto wa darasa la kwanza anayemngoja kwa muuza karanga nje ya geti la shule, kisha wanashika njia ya Makorora. Mshahara wake ni nusu. Karatasi inayosema hivyo haipo. Mzee mwenye duka, enzi zile akikaa mwenyewe kaunta, alimwambia tu, "Haya mwanangu, njoo asubuhi, mchana kalee." Ikawa hivyo mpaka mzee akachoka na mwanawe akashika funguo.

Huyo kijana si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikaa na daftari la mauzo wiki mbili, akaona wateja wanafurika kuanzia saa kumi, watu wakitoka makazini na hospitalini na karatasi zao za daktari. Asubuhi sisi tunapanga maboksi na kufukuza nzi. Akaniita.

"Dada, yule wa nusu siku mhamishie jioni. Saa tisa mpaka saa mbili usiku. Saa zake ni zile zile tano na mshahara ule ule. Kwani tutakuwa tumemnyang'anya nini?"

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitajipaka mafuta. Jibu la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: afadhali! Mimi sina mtoto. Kwa miaka minne nimeambiwa, "Wewe huna wa kumwahi, kaa jioni." Nilijiandikisha masomo ya jioni ya uhasibu, nikaacha mwezi wa pili tu, kwa sababu zamu za jioni hazikwisha. Watu husema habari ya mzazi kama vile sisi wengine tukitoka kazini tunatundikwa ukutani mpaka kesho. Nami nina mama anayeumwa miguu. Nina masomo, nina usingizi wangu. Saa alizopewa mwenzangu hazikushuka kutoka mbinguni. Nyingine zilikatwa kwangu, na mimi sikuulizwa.

Kwa hiyo nililichora jedwali kama nilivyoagizwa. Lilipendeza. Nikashindwa kulibandika.

Kilichonishinda ni lile swali la bosi, kwani tutakuwa tumemnyang'anya nini. Kwa hesabu ya dukani, hakuna. Tano ni tano. Lakini saa za mtu aliye na mtoto hazihesabiki kama vidonge, ukitoa kumi hapa ukaweka kumi pale mambo yamekwisha. Saa nane mchana ya mtoto wa miaka saba inataka mtu, na saa moja ya usiku inamtaka zaidi. Mama yule akiwa kaunta saa hiyo, mtoto yuko wapi? Sheria zetu zinamkumbuka mtoto akiwa bado ananyonya: mama ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kwenda kumnyonyesha. Maziwa yakikauka, mtoto anatoka kwenye sheria, wakati nyumbani bado yupo.

Bosi ana hoja nyingine. Anasema ile ilikuwa fadhila ya baba yake, na fadhila mwenye nayo anaweza kuisimamisha. Hapo namkatalia. Fadhila gani hiyo ambayo mtu ameilipia nusu ya mshahara kwa miaka minane? Duka lilipata mtu anayejua kila dawa ilipo na anayewajua wazee wote wa Ngamiani kwa presha zao, kwa bei nafuu. Yalikuwa maafikiano, ila hayakuandikwa.

Huku kwetu pwani, mwenye shamba akikukaribisha kulima atakwambia: panda muhogo, panda mahindi, lakini mnazi usipande. Anajua anachokikataa. Muhogo utauvuna uondoke. Mnazi ukishika, hata kama ardhi ni yake, kukutoa kunataka mazungumzo na fidia. Akikuona unachimba shimo la mnazi akanyamaza, akapita kila siku anautazama unavyokua, hawezi kuja mwaka wa nane na kusema, "Mimi sikukuahidi kitu." Kimya chake kilisema. Yule mzee alinyamaza miaka minane huku mama yule akichagua shule na kupanga chumba kwa kuzitegemea saa zile. Sisemi mnazi haung'olewi kamwe. Biashara ikifa, sote tutakwenda kulea mchana kutwa. Nasema haung'olewi kwa kalamu ya risasi.

Binamu yangu aliyesomea sheria alinionyesha kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anatakiwa ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi, saa za kazi zikiwemo. Yakibadilika, ashauriane naye, ayarekebishe na amjulishe kwa maandishi. Na kesi ikifika mbele, mwajiri akikosa maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Nilifurahi, kisha nikapoa. Kushauriana kunaweza kuwa dakika tano za kuambiwa. Na huyo wa kuambia ningekuwa mimi.

Nikamfuata stoo. Nikamweleza yote, hata lile la "afadhali". Akacheka kidogo.

"Mdogo wangu, mbona hukusema siku zote kama jioni zinakuumiza?"

"Ningesemaje, dada?"

Akakaa juu ya boksi la dripu, akahesabu kwa vidole. "Jumamosi jioni naweza, shangazi yao yupo. Jumatano naweza kumwomba jirani, lakini nipe mwezi nimzoeshe huyu mdogo. Siku zilizobaki, mwanangu nimfungie ndani?"

Nimechora jedwali jipya na kulipeleka. Bosi amesema ataliangalia. Jioni mbili ni za mama yule, na Jumanne nimempa kijana wa stoo, ambaye amenuna. Masomo ya uhasibu ni Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu nimeipata. Kwenye kisanduku cha Alhamisi nimeandika jina langu, nikalifuta, nikaliandika tena.