Schnitzer Aliyepita Muhalala

Kodi ya fremu yangu ya steshenari hapa Manyoni inalipwa na majina ya watu. Wanakuja kujaziwa fomu za kitambulisho cha taifa, mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa, na wengi wanakwama palepale: jina la ukoo. Bibi mmoja kutoka Kintinku alinikazia macho kama mtu aliyetukanwa. "Mjukuu wangu, nimekutajia baba yangu, nimekutajia na babu. Hilo la ukoo umelitoa wapi tena?" Tukaandika la babu. Kwa serikali, tangu siku hiyo, ukoo wake wote ni mzee mmoja aliyeishi akichunga ng'ombe bila kujua kwamba siku moja atageuzwa ukoo.

Bibi huyo ananikumbusha mgeni mmoja mwenye jina la ukoo. Mwishoni mwa Oktoba 1889 msafara wa Stanley uliingia Muhalala, hapa jirani, ukitokea Ikungu kuelekea pwani. Stanley tunamjua. Ndani ya msafara huo alikuwamo daktari mwenye miwani, asiyeona mbali, aliyekusanya ndege na kupeleka ngozi zao kwenye makumbusho ya Ulaya. Alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, na wenzake wakimwita Emin Pasha. Jina alilozaliwa nalo mwaka 1840, katika mji wa Oppeln uliokuwa chini ya Prussia, ni Isaak Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Schnitzer ni mchongaji.

Hapo ndipo bibi wa Kintinku anapokutana na Wayahudi wa Ujerumani. Wengi wao kwa karne nyingi waliitana kama tunavyoitana sisi: Isaka mwana wa Yakobo, basi. Kisha dola zikataka kodi, askari na mahakama, na mwana wa fulani hashikiki kirahisi kwenye daftari. Austria iliwalazimisha kuwa na majina ya ukoo mwaka 1787. Prussia ilifuata tarehe 11 Machi 1812: amri iliwapa uraia, na ikawapa miezi sita kila mmoja awe na jina la kudumu. Wengine walichukua la mji, wengine la mnyama, wengine la kazi ya mikono. Mtoto akarithi jina la uchongaji hata kama hajawahi kushika patasi.

Tusiwacheke. Shija kwa Wasukuma ni mtoto anayezaliwa baada ya pacha, na Doto ni pacha wa pili. Leo ninajaza fomu za akina Shija ambao mama zao hawajawahi kuzaa pacha, na binti anayeitwa Doto jina la mwisho hana Kulwa wake popote. Jina lililokuwa habari limekuwa anwani.

Ila Wayahudi walifanya jambo ninalowahusudia. La serikali walilipokea, la zamani hawakulitupa. Mpaka leo mwanamume anapoitwa mbele ya sinagogi kusoma Torati, haitwi kwa jina la ukoo. Anaitwa fulani mwana wa fulani. Daftari moja lilikuwa la karani, jingine la Mungu, na hawakuyachanganya.

Emin aliyatupa yote mawili, au alitupiwa. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, mama akaolewa na Mkristo, mtoto akabatizwa na Isaak ikawa Eduard. Alisomea udaktari, akanyimwa nafasi ya kufanya mtihani wa serikali, akaondoka kwenda kuwatumikia Waturuki, na akajichagulia jina la Kiislamu, Mehemet Emin. Jirani yangu ustadhi hilo halimpendezi. Ananikumbusha Sura ya Al-Ahzab, kwamba watu waitwe kwa baba zao, na anauliza baba wa huyu alikwenda wapi. Swali zuri. Mimi linalonisumbua ni jingine: mwaka 1890 mtu huyuhuyu alirudi kupitia Ugogo akiwa mtumishi wa Wajerumani, akapandisha bendera yao Tabora. Nchi iliyomfungia mlango ndiyo aliyoifungulia ya kwetu. Alibadili majina na mabwana, mwishowe akarudi kwa bwana yuleyule. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Waliobaki na majina yao, je? Agosti 1938 serikali ya Hitler iliamuru kila Myahudi ambaye jina lake la kwanza halikuwa kwenye orodha ya serikali ya majina ya Kiyahudi aongezewe jina kuanzia Januari 1939: mwanamume Israel, mwanamke Sara. Mwaka huohuo wa 1938 mtoto Stefanie Zweig, aliyezaliwa Leobschütz, kusini mwa Oppeln, alikimbilia Kenya na wazazi wake. Zweig ni tawi. Baadaye aliandika riwaya juu ya maisha yao ya huko.

Israel ni jina alilopewa Yakobo baada ya kushindana na malaika usiku kucha. Aliulizwa kwanza: jina lako nani? Anayeuliza alikuwa akijua, ila alisubiri jibu. Makarani wa 1938 hawakumuuliza mtu. Walichukua jina la baraka wakaligonga kama muhuri wa mifugo, na kwangu hiyo ni kufuru kubwa kuliko kubadili dini kwa hiari, hata kama ustadhi hatakubali. Serikali kutaka jina sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe ninaishi kwa fomu zake. Lakini anayeandikwa aulizwe, na asubiriwe ajibu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujaja dirishani kwangu na kadi ya kliniki, kaa na wazee mkubaliane jina la tatu la mtoto. Wajukuu watalibeba hilo. Likishaingia kwenye mfumo, kulitoa ni hati ya kiapo, muhuri wa wakili na nauli ya kwenda na kurudi.