Radhi na Gharama Yake

Msomaji, kukosa ni ada ya mwanadamu, na hakuna kazi isiyokuwa na kosa lake. Mshonaji hukata nguo ikapwaya, seremala hupima mlango ukakataa kufungika, na mpishi huunguza chakula. Kwa hiyo swali listahililo kuulizwa si kama watu watakosa, bali ni hili: kosa likisha kutendeka, haki hurejeshwaje, na kwa gharama ya nani?

Tutwae mfano mdogo. Mtaa wa Umoja, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani. Nyumba zake za awali zilikuwa ndogo na za chini. Leo mahali pengi pamesimama maghorofa, na wapangaji wamekuwa wengi. Palipo na wapangaji wengi warudio kutoka kazini wamechoka, hapakosekani hoteli za chakula. Tuseme, basi, kwamba fundi mmoja aingia jioni katika hoteli mojawapo na kuagiza chapati mbili na ndengu. Angoja muda mrefu, kisha aletewa chapati baridi na ndengu zilizochacha. Fundi huyo si tajiri. Fedha aliyo nayo mfukoni ni ya mlo mmoja tu, na mlo wenyewe ndio huo.

Ziko njia tatu za kumjibu. Ya kwanza ni kukana: mwenye hoteli asema kuwa wengine wamekula chakula kile kile wakanyamaza. Jibu hili laongeza dhara juu ya dhara, kwani mtu aliyenyimwa chakula sasa anyimwa hata kusadikiwa. Njia ya pili ni maneno matamu: pole nyingi, tabasamu, na pengine kikombe cha chai cha bure, lakini fedha ya chakula kibovu yachukuliwa yote. Radhi ya namna hii ni sawa na kumpangusa mtu machozi huku ungali umemkanyaga mguu.

Njia ya tatu yapendeza macho, na kwa sababu hiyo yataka kutazamwa sana. Mwenye hoteli aja mwenyewe, aomba radhi, aamuru chakula kipya kiletwe, na fundi aondoka ameridhika. Lakini usiku, hesabu ifanywapo, bei ya sahani ile yakatwa katika mshahara wa mhudumu aliyeileta mezani. Mhudumu huyo hakupika wala hakuchelewesha. Je, haki imetendeka? La. Dhuluma haikuondolewa, imehamishwa tu, kutoka kwa mtu mwenye sauti hadi kwa mtu asiye na sauti. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Sheria za Kenya zawatazama wote wawili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 champa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kwa upande wake, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali yake iliyoharibika, lakini kwa kiasi kinachofaa, na pale ambapo mfanyakazi aliharibu kwa makusudi.

Yamkini utasema kwamba mwenye hoteli akibeba kila hasara, wafanyakazi watakuwa wazembe. Hoja hii ina uzito, na mzembe hana budi kuonywa. Lakini kwanza ithibitike kuwa uzembe ni wake. Kama mpishi mmoja amepewa kazi ya watu watatu, aliyeweza kulizuia kosa ni yule aliyempa kazi hiyo. Tena yeye ndiye atwaaye faida chakula kikiwa kizuri. Basi na abebe hasara kikiwa kibaya. Aristotle alifananisha haki ya kurekebisha na mstari uliokatwa vipande visivyo sawa: hakimu hukiondoa kilichozidi katika kipande kirefu na kukirudisha katika kifupi. Nasi tuulize: mhudumu wetu alizidishiwa nini, hata apunguzwe?

Mlaji naye ana wajibu wake. Alalamike, maana kunyamaza hakumfundishi mtu. Lakini alalamike kwa kipimo, na kwa yule mwenye uwezo wa kurekebisha. Kumfokea mhudumu ni kumpiga mjumbe kwa ajili ya barua.

Siku moja, msomaji, nawe utakuwa mmoja wa hawa watatu: mlaji, mhudumu, au mwenye hoteli. Utakapoombwa radhi, au utakapoiomba, usitosheke kuuliza kama aliyelalamika ameridhika. Uliza pia ni mfuko wa nani uliotoa. Muungwana ni kitendo, na kitendo cha kiungwana hulipiwa na mwenyewe.