Ushauri ni Kichocheo Tu

Nikirudi nyumbani Nyamira, swali ni lile lile: "Kijana, chuo kilikushindaje?" Niliacha mwaka wa pili. Leo nitajibu kwa kemia, maana ndiyo niliyotoka nayo.

Angalia gunia la fatalaiza likifungwa kwenye boda pale Keroka, safari ya shamba la chai. Naitrojeni iliyo ndani yake ilianza kama amonia, na amonia hutengenezwa kwa naitrojeni na haidrojeni. Shida ni kwamba amonia ikiundwa, nyingine huvunjika na kurudi ilikotoka. Kasi ya kwenda ikilingana na ya kurudi, huo ni msawazo. Kwa nje kumetulia, ndani ni pilkapilka.

Mwaka wa 1884, Mfaransa Henri Le Chatelier alieleza kuwa ukibadilisha hali, msawazo husogea upande unaopunguza badiliko hilo. Molekuli nne za gesi huzaa mbili za amonia, kwa hivyo shinikizo likipanda, amonia huongezeka. Joto likipanda, hupungua. Lakini baridi nayo huchelewesha kazi, ndiyo maana viwanda hukubaliana na nyuzi kama 450 hivi. Halafu kuna kichocheo, chuma. Hicho huharakisha kwenda na kurudi pia. Msawazo wenyewe hakiusogezi hata kidogo.

Sasa fikiria zile "jitahidi" na "mbona wenzako waliweza" tunazopewa. Hivyo ni vichocheo, bana. Vinakufikisha haraka kule hali yako ilikokuwa inakupeleka.

Kwa hivyo sina lawama? Ninayo. Karo ilinibana, kweli, lakini ya muhula mmoja niliipeleka mwenyewe kwenye beti. Gesi haichagui. Fritz Haber, Mjerumani aliyegundua njia hii ya amonia, ndiye aliyesimamia klorini ilipofunguliwa kuua wanajeshi kule Ypres mwaka wa 1915. Hakuna anayeilaumu klorini. Tunauliza nani alishika vali.

Na mimi nimeshika vali moja ndogo. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Kila Jumapili nilikuwa namtumia ushauri mrefu kwa simu ya mama, naye anausoma kando ya koroboi inayomtoa machozi. Jumapili iliyopita sikuandika kitu. Nilituma pesa ya taa ya sola.