Ndoa ya Matembezini: Je, Inafunga?



Wako watu waendao ng'ambo kwa matembezi wakarudi wameoana. Gibraltar huwadai wageni walale huko angalau usiku mmoja, kabla au baada ya arusi. Las Vegas, Marekani, hakuna kungoja: leseni na arusi siku moja. Kwetu Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yadai ilani ya siku zisizopungua 21 kwa ndoa ya serikali. Hata hivyo, huitambua ndoa iliyofungwa ng'ambo kwa kufuata sheria za huko, mradi wawili hao walikuwa huru kuoana.

Kwa Mkatoliki kuna zaidi. Kanuni ya 1108 ya Sheria ya Kanisa yataka ndoa ifungwe mbele ya Askofu wa mahali, paroko, au padre au shemasi aliyeruhusiwa nao, pamoja na mashahidi wawili. Bila hayo, wala ruhusa maalum, Kanisa haliihesabu kuwa ndoa halali.

Mume mmoja aliyeoa hivyo aliposikia haya alimwambia mkewe, "Basi mimi sifungwi na kitu." Mama huyo alinijia akilia. Je, mumewe alisema kweli?

Hapana. Mbele ya Serikali yeye ni mume. Tena alitoa neno lake kwa hiari; mwenzake akaliamini, akaacha kwao, akamzalia watoto. Tukumbuke pia asili ya kanuni hii. Mtaguso wa Trento uliiweka mwaka 1563 kwa kuwa wanaume walioa kwa siri, kisha wakawaacha wake zao na kuoa wengine hadharani. Kanuni ililetwa imlinde mke. Anayeitumia kumtupa mkewe amegeuza ngao kuwa panga.

Ni kweli, hakuna awezaye kumlazimisha mtu kusema "nakubali" altareni. Lakini deni la haki kwa mke na watoto halifutiki.

Kwa hiyo, mnaotaka kuoana ng'ambo, mwoneni paroko wenu miezi kadhaa mapema, awape ruhusa na barua za kuonyesha kwamba mko huru. Nanyi mliokwisha kuoana bila Kanisa, msijifiche nyuma ya viti. Ndoa yaweza kurekebishwa kwa ibada ndogo, bila karamu wala gharama kubwa. Nendeni wote wawili, mkishikana mikono.

Mungu azibariki nyumba zenu.