Kipimo cha Sokoni na Kikapu cha Sadaka



Somo letu ni Luka 6:38. Bwana Yesu alipotaka kufundisha juu ya kutoa, hakuchukua mfano wa hekaluni. Alichukua mfano wa sokoni: mtu anampimia mwenziwe nafaka, anaikandamiza, anaitikisa ishuke, kisha anaongeza mpaka inafurika.

Sisi watu wa Nyangwe tunauelewa mfano huu upesi, kwa sababu mji wetu ulijulikana mbali kwa ajili ya soko. Livingstone alipofika hapa mwaka wa 1871, aliwakuta wamama wakivuka Lualaba kwa mitumbwi, wakileta samaki, mawese, vyungu na mihogo. Na katika soko hilohilo, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wenye bunduki waliwapiga risasi. Wengi walizama mtoni wakikimbia. Hesabu aliyoiandika ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Ilikuwa miaka ambayo hata mwanadamu aliwekewa bei pamoja na pembe za ndovu. Basi tujue ya kwamba sokoni ndipo moyo wa mtu unapoonekana, kwa wema au kwa ubaya.

Kwa hiyo tunauliza: je, mtu anaweza kuwa mkarimu kanisani, naye ni mchoyo sokoni?

Sisi mashemasi ndio tunaohesabu sadaka. Siku ya mavuno ngoma zinalia, wapapa wanashindana na wamama, vijana wanataka kuwapita wote. Hatusemi mashindano hayo ni mabaya. Ndugu zetu Wakimbanguisti wanayaita nsinsani, na kwa kutoa namna hiyo wamejenga makanisa na mashule. Lakini sokoni siku ya kazi hakuna ngoma, wala hakuna shemasi wa kuhesabu. Kuna kopo, mchele, na jirani anayengoja kupimiwa.

Tuseme kweli. Wako wanaobonyeza kitako cha kopo kiingie ndani. Wako wanaotia kidole gumba ndani wakati wa kupima. Naye mnunuzi hana nafuu: anamwona mjane jua linazama na samaki wake bado hawajauzwa, anamshusha bei mpaka anampokonya. Kisha Jumapili wote wawili wanaleta noti mbele ya Bwana.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kopo lililojaa ni haki ya mnunuzi, ni deni. Ile konzi tunayoongeza juu, tunayoiita matabishi, ndiyo inayoweza kuwa ukarimu. Asiyelipa deni hawezi kusema ametoa zawadi. Mithali 11:1 inatuonyesha kwamba Mungu anachukia mizani ya uongo. Basi atapokeaje sadaka iliyotoka katika mizani hiyo?

Na hata matabishi yenyewe tuyachunguze. Tukimwongezea mteja tajiri ili arudi kesho, hiyo ni biashara, si dhambi, lakini tusiiite ukarimu. Katika Luka 14 Bwana anatufundisha kuwaalika wasioweza kutulipa.

Mama mmoja atasema: «Shemasi, nina watoto watano. Faida yangu yote ni konzi hiyo moja. Nikiitoa, watakula nini?» Neno lake ni zito, na hatutalijibu kwa wepesi. Hatumwambii aue biashara yake. Yule mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili, na Bwana hakutazama wingi wake.

Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, wengi wetu tulikimbilia porini. Chumvi ilikuwa shida kubwa. Tunamkumbuka mama mmoja Mwislamu, aliyefunga chumvi yake kidogo katika pindo la kitenge. Kila jioni alifungua fundo, akachukua kwa ncha za vidole, akatia katika chungu chetu. Tulipomwambia aiweke kwa ajili ya watoto wake, alijibu: «Wenu wakila bila chumvi mbele yetu, chakula chetu kitakuwa na ladha gani?» Hakuhubiri. Alifunga fundo lake, akaenda kupika.

Vita vilipokwisha tulirudi, nasi tukauza chumvi sokoni. Tunaungama mbele yenu: tuliipimia kwa kopo lililobonyea kitako, tukijua. Jumapili tulishika kikapu cha sadaka kwa mikono ileile. Siku tuliyokumbuka ncha za vidole vya mama yule, tulilitupa kopo lile mtoni. Tuliona haya, kwa maana yeye alitoa kidogo alichokuwa nacho, na sisi tulikuwa tunapunguza kile ambacho si chetu.

Basi, wapendwa, kabla ya Jumapili ijayo tutazame makopo yetu. Tumlipe kijana aliyetulimia shamba. Bei ya mjane tuiache ilivyo. Halafu juma hili tumwongezee konzi moja mtu asiyeweza kurudisha, na tusimwambie mtu. Ndipo tulete sadaka, hata ikiwa ndogo.

Bwana atupe mkono ulio wazi. Amina.