Kwenda Mikono Mitupu

Je, mtu asiye na kazi ya kueleweka ana haki ya kutumia shilingi 500 kwenda kusalimia kaburi? Rafiki yangu aliuliza hivyo tukiwa stejini Gatitu, tukingoja matatu ya Nyeri mjini. Hesabu alikuwa ameshapiga: nauli ya kwenda na kurudi, mshumaa, chai na chapati, kitu kidogo cha sadaka. "Si hiyo ningemtumia tu mathe kwa M-Pesa?" akasema. "Wafu hawalali njaa."

Swali lenyewe ni la zamani. Katika Injili ya Yohana, Yuda aliuliza kwa nini marhamu ya dinari 300 hayakuuzwa, maskini wakapewa pesa. Ni rahisi kumpuuza kwa sababu tunajua alikuwa nani, lakini hesabu yake inaeleweka. Sisi tunaiishi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wema umekuwa kazi ya dakika moja. Karo inalipwa, dawa zinanunuliwa, mchango wa matanga unafika kabla mwili haujatoka mochari. Nani atasema hayo si mapenzi?

Sasa angalia tulikuwa tunaenda kwa nani. Sista Irene Stefani, Mmisionari wa Consolata kutoka Italia, alifika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliwauguza wapagazi wa jeshi, wale wa Kariakoo, katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kuanzia 1920 aliishi Gikondi, akipanda na kushuka vilima kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Akina mama ambao wana wao walikwenda kutafuta kazi mbali aliwaandikia barua. Watu wakamwita Nyaatha, mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, baada ya kumuuguza mwalimu aliyekuwa na tauni. Mei 2015 alitangazwa Mwenyeheri hapa Nyeri, na masalia yake sasa yamo katika Kanisa Kuu la Consolata.

Hakuwa tajiri. Mara nyingi kitu alichopeleka kwenye nyumba ya mtu kilikuwa ni yeye mwenyewe: mikono ya kuosha kidonda, masikio ya kusikiliza mama akisema mwandikie mwanangu hivi. Ule ugonjwa wa mwisho haungeweza kuuguzwa kutoka mbali. Kuna mambo ambayo hayatumwi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu, ingawa namwelewa. Hajaenda kwao tangu Krismasi ya mwaka juzi. Si kwamba hampendi mamake. Kila akipata kibarua anamtumia kitu. Anaona haya kubisha hodi bila unga, bila sukari, bila jibu la "kazi inaendeleaje?" Wengi wetu tuko hivyo. Tumekubali kimyakimya kwamba mtu bila pesa hana cha kupeleka nyumbani, kwa hiyo heri asionekane. Kutuma kumekuwa kodi ya kutofika, na asiye na cha kutuma anapotea kabisa, hata simu hapokei.

Huo ndio uwongo ninaoupinga. Thamani ya mtu kwa wazazi wake haianzii kwenye bahasha. Mama aliyekuwa akimwambia Nyaatha maneno ya kuandika pengine alihitaji pesa pia, lakini kwanza alitaka kujua kama mwanawe yu hai.

Kwa hiyo, je, shilingi 500 zilikuwa halali? Nadhani ndiyo, kwa sharti moja. Hija ni mazoezi ya kufika: unapanda gari, unasimama mbele ya mtu asiyeweza kukulipa, wala huna cha kumwongezea. Ukiweza kufanya hivyo mbele ya kaburi, lazima uweze mbele ya mlango wa mamako. La sivyo Yuda alikuwa sahihi, heri pesa hizo zingetumwa.

Nilimwambia hivyo tukinywa chai. Hakunijibu. Alimaliza chapati yake, halafu akamuuliza mhudumu kama anajua nauli ya kwao siku hizi ni ngapi.