Moto na Haki ya Jirani

Katika nchi yetu moto uteketezao nyika huitwa moto kichaa. Jina hili lina hila ndani yake: linautwika moto wazimu ili aliyeuwasha abaki na akili timamu. Lakini moto hauna wazimu wowote. Hufuata majani makavu na upepo, na mambo hayo mawili mkulima huyajua kuliko mtu yeyote.

Yafaa basi tujiulize: mtu atiaye kiberiti shamba lake mwenyewe, je, anatumia haki yake, ama anaichezea haki ya mwingine? Wako wasemao kwamba shamba ni lake, na kwamba jembe la mkono halitoshi kusafisha ekari mbili kabla ya mvua. Neno hilo si la kudharauliwa. Moto ni kibarua asiyedai ujira, na amkatazaye maskini kuutumia bila ya kumwonyesha njia nyingine huamrisha njaa. Tena katika nchi za miombo, nyasi zikichomwa mapema, mwezi wa Juni, zingali na unyevu, moto hupita chini kwa upole na miche mingi husalimika. Moto wa Septemba na Oktoba hauna huruma hiyo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali kabla ya kuchoma. Ni vema, lakini karatasi yenye muhuri (nasi watumishi wa ofisi twaipenda mno karatasi) haimwambii jirani atoe mbuzi wake zizini. Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kupiga hodi. Moto ni mjumbe wa aliyeuwasha; upepo ukigeuka utaingia kwenye mizinga ya huyu, ghala ya yule na paa la nyasi la mjane. Kumwarifu jirani mapema, kufyeka mkuza kuzunguka shamba, kungoja upepo utulie, na kutoondoka mpaka jivu lipoe: hizo ndizo hodi za moto.

Na pasipo na jirani je? Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Whona, katika njia ya kupandia Mlima Kilimanjaro, mahali pasipo na boma la mtu. Uliwaka siku kadhaa. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi na wanavijiji wasiomiliki hata shubiri moja ya mlima ule. Maji ya mifereji ya migombani kwao hutoka huko juu.